Kihori cha mashua ndogo ya tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wenye mashua za tanga za futi 18 hadi 26, wanaotia nanga Kilifi, Mtwapa, Tanga na Msasani au wanaozunguka Unguja na Mafia, huniuliza maswali haya tena na tena. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale yanayomfika mtu mara chache. Ambapo jibu limeshatolewa, nimetaja namba ya swali.

## Mambo ya mwanzo

1. Kihori ni nini, na kina tofauti gani na dingi?

Kwa shughuli hii ni kitu kimoja. Kihori ni neno la zamani la pwani, hasa upande wa Lamu, kwa chombo kidogo cha makafi. Dingi ni neno la kuja, na wengi siku hizi hulitumia kwa boti yoyote ndogo yenye tezi (sehemu ya nyuma) bapa. Hapa nitasema kihori, nikimaanisha chombo kidogo kinachokutoa ufukweni hadi kwenye mashua iliyotia nanga na kukurudisha, pamoja na maji ya kunywa, mafuta, samaki na wageni.

2. Mashua yangu ni ndogo na haizami sana. Kwani siwezi kuisogeza ufukweni nikashuka kwa miguu?

Mahali penye mchanga na maji ya kiasi, unaweza. Ila Mombasa na Unguja, maji ya bamvua (yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na siku nyingine hukaribia 4. Ukiisogeza mashua maji yakiwa yamejaa, baada ya saa chache itakuwa imekaa juu ya mwamba, na itakubidi uyangoje maji mengine. Yenye mkuku (uti wa chini ya chombo) mrefu italala ubavu.

Halafu kuna kazi ambayo mashua haiwezi kujifanyia yenyewe, nayo ni kupeleka nanga ya pili. Upepo ukigeuka usiku na mashua ikaanza kusogezwa kuelekea miamba, kihori ndicho kitakachochukua nanga na amari (kamba yake) na kuziangusha upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, mkajivuta. Mimi nimewahi kuhitaji hivyo mara mbili tu, lakini bila kihori nisingekuwa na mashua leo.

3. Nianzie wapi kuchagua?

Usianzie dukani. Anzia kwenye sitaha ya mashua yako, kisha nenda ufukweni unapotua.

Chukua katoni kubwa za friji au televisheni, zikate kwa umbo la kihori unachokifikiria, uzigandishe kwa gundi ya karatasi na uziweke sitahani. Kisha fanya kazi zako zote: pandisha tanga, nenda omo (mbele ya chombo) ukashike nanga, pita usiku bila taa. Kwenye mashua ya futi 22, nafasi kati ya mlingoti na omo mara nyingi haizidi mita 2, nayo inakwenda ikibana. Nilipofanya jaribio hili mara ya kwanza niligundua kihori nilichokitamani kingeziba mlango wa omo, na mlango huo ndio njia pekee ya kutokea ikiwa moto wa jiko umeziba ule wa nyuma. Nikapunguza sentimita 30.

Ufukweni, jiulize ni mchanga, tope la mikoko au mwamba wenye chaza. Chaza hukata mpira kama wembe. Jiulize pia utabeba kihori umbali gani maji yakipwa, kwa sababu hilo ndilo litakaloamua uzito (swali la 5).

4. Urefu gani unatosha?

Kwa watu wawili na mizigo yao, mita 2.2 hadi 2.4 kwa upana wa mita 1.2 hivi. Hesabu yake ni rahisi. Eneo la kihori cha namna hiyo linalogusa maji ni kama mita 1.8 za mraba, kwa hiyo kila unapoongeza kilo 18 hivi kinazama sentimita moja. Watu wawili wa kilo 75 na mzigo wa kilo 30 watakishusha sentimita 10. Kama ubavu una kimo cha sentimita 40, bado unabaki na kingo za kutosha bandarini.

Chini ya mita 2 ni cha mtu mmoja, hata muuzaji akisema kinachukua watatu. Zaidi ya mita 2.5 kinapiga makasia vizuri zaidi na ni kikavu zaidi, lakini hakuna pa kukiweka kwenye mashua ndogo, isipokuwa kiwe cha vipande viwili (swali la 16).

5. Uzito gani?

Ule unaoweza kuuinua peke yako siku ambayo umechoka. Kwangu ni kilo 30, na huo ndio mpaka ninaomshauri kila mtu. Kihori cha plaiwudi ya milimita 6, chenye urefu wa mita 2.3, kilichojengwa kwa uangalifu, hutoka kati ya kilo 28 na 35. Yanayokiongezea uzito ni epoksi (gundi ya kuchanganywa na kigumishi) iliyomwagwa ovyo, mbao nene za kukalia, na rangi tabaka juu ya tabaka kila mwaka.

Nalikazania jambo hili kwa sababu kihori kizito hakipandishwi sitahani. Kisipopandishwa hufungashwa nyuma, na ndivyo vinavyopotea (swali la 19).

## Ninunue kipi, au nimwagize nani?

6. Boti ya mpira au kihori kigumu?

Boti ya mpira ina sifa tatu za kweli: haipinduki kirahisi, haikwaruzi ubavu wa mashua, na ikitolewa upepo inaingia kwenye mfuko. Kwa familia yenye watoto wadogo wanaoogelea kutoka mashuani, sifa hiyo ya kwanza ina uzito mkubwa.

Lakini haipigi makasia. Upepo wa kusi ukivuma kwenye mkono wa bahari kama Kilifi, utavuta makasia mpaka mabega yaungue na boti inarudi nyuma. Kwa hiyo inakulazimisha kuwa na mashine, na mashine inakulazimisha kuwa na mafuta, na siku mashine ikigoma huna njia nyingine. Pwani yetu ina jua, chaza, matumbawe na miiba ya viumbe wa chini ya maji. Mpira una maadui wengi hapa.

Mimi nilianza na ya mpira, tena iliyotumika. Msimu wa kwanza mishono ya sakafu iliachia, wa pili ukawa wa viraka. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kihori kigumu, na sioni haya kusema hivyo.

7. Nikiamua mpira, PVC au Hypalon?

Hizi ni aina mbili za kitambaa cha boti hizo. Chukua Hypalon, ukiweza kumudu bei. PVC ni rahisi na nyepesi, lakini jua la kitropiki huifanya inate, kisha mishono huachia. Hypalon hustahimili jua na petroli kwa miaka mingi zaidi. Kila moja ina gundi yake, na gundi ya PVC haitashika kwenye Hypalon, kwa hiyo nunua kisanduku cha viraka siku ileile unayonunua boti. Ishonee kifuniko cha turubai. Hiyo ndiyo nyongeza ya bei ndogo yenye faida kubwa kuliko zote.

8. Kwa nini vihori vingi vidogo vina omo butu badala ya iliyochongoka?

Kwa sababu ya nafasi. Kwenye urefu wa mita 2.3, omo iliyochongoka inakula nusu mita ambayo haibebi kitu. Ukiikata ikawa butu, unapata upana hadi mbele, na mtu anaweza kukaa huko bila kihori kuzamisha pua. Siri ni kwamba ubao ule wa mbele uwe umeinuliwa juu ya maji na sakafu ipande kwa mkunjo mzuri kuelekea omo. Ukiona kihori butu ambacho ubao wa mbele unagusa maji kikiwa na mzigo, kiache. Kitasukuma maji kama beseni.

Mchoro maarufu wa aina hii ni Nutshell Pram wa Joel White wa Maine, Marekani, wenye saizi mbili za karibu mita 2.3 na 2.9. Ukitazama picha zake kwa ubavu utaelewa mkunjo ninaousema.

9. Je, nimwagize fundi wa jadi, Matondoni au Nungwi?

Mafundi hao wanajua kazi, na kihori cha mbao kilichopigwa mataruma (mbavu) ya mkoko na kutiwa kalafati ya pamba ni kitu kizuri machoni. Ukikiacha majini wakati wote, kitakutumikia vizuri.

Tatizo ni sitaha. Mbao zinahitaji maji ili zivimbe na kubana. Ukikipandisha ukakianika juani siku nne, mbao hukauka, nyufa hufunguka, na ukikishusha kinaingiza maji kila mahali mpaka kivimbe tena. Ndiyo maana kwa kihori kitakachoishi juu ya mashua napendelea plaiwudi. Na kwa uzito, chombo cha mbao za mbambakofi cha urefu huo utahitaji watu wawili au watatu kukiinua.

Mtumbwi wa kuchonga kwa gogo la mwembe ni jambo jingine. Mzaliwa wa pwani aliyekulia ndani yake anaupiga kafi kama anatembea, na sitamwambia auache. Lakini mgeni wako atokaye bara, mwenye begi mgongoni, akikanyaga ukingo atakuwa majini kabla hujasema neno. Ngalawa nayo ina matengo (miti ya pembeni ya kuizuia isipinduke) yanayozuia kuegesha ubavuni mwa mashua.

Njia niipendayo ni ya katikati: mchukulie fundi wa jadi mchoro na plaiwudi, umlipe akujengee. Jicho lake la kuona mkunjo uliokosea halinunuliki dukani. Umsaidie kwa upande wa epoksi, maana si wote waliokwisha kuitumia.

10. Nimepata Optimisti ya zamani ya watoto. Inafaa?

Inafaa kuliko watu wanavyodhani. Optimist ilichorwa na Clark Mills huko Florida mwaka 1947, ina urefu wa karibu mita 2.3, upana wa mita 1.12, na gamba lake lina uzito wa kilo 35. Tayari ina omo butu na nafasi ya mifuko ya hewa. Toa mlingoti, funga kwa ubao tundu la bao la katikati (lile linaloshushwa majini chombo kisisukumwe upande) ili maji yasiruke ndani, kisha ongeza vishikizo vya makasia. Kasoro ni kwamba kisanduku cha bao kimekaa katikati, pale unapotaka kukaa.

11. Na kayaki ya plastiki?

Kwa mtu mmoja asiye na mizigo, sawa. Haitabeba dumu la lita 20 la maji, mtungi wa gesi na mama mkwe.

## Kujenga mwenyewe

12. Sijawahi kushika randa. Nitaweza?

Utaweza, ukitumia njia ya kushona na kugundisha. Unakata vipande vya plaiwudi kwa kufuata mchoro, unatoboa vitundu kandokando kila sentimita 15 hadi 20, unaviunganisha kwa vipande vya waya wa shaba, na kihori kinasimama mbele yako kwa alasiri moja. Kisha unajaza kona kwa rojo ya epoksi, unapitisha utepe wa glasi, na waya unautoa.

Watu wa pwani hii hawana haja ya kuogopa wazo la kushona chombo. Mtepe, chombo cha kale cha pwani hii, ulishonwa kwa kamba za usumba bila msumari hata mmoja, na ulisafiri bahari hii kwa karne nyingi. Tofauti ni kwamba kwenye mtepe kamba ndiyo iliyoshika chombo maisha yake yote, na hapa waya ni wa kushikilia tu mpaka gundi ikauke.

Kwa upande wa vifaa vya kisasa, njia hii ilipata umaarufu Uingereza mwaka 1963 kupitia Mirror, mashua ya mita 3.3 iliyochorwa na Jack Holt na Barry Bucknell. Ilipakiwa kama vipande vya kujiunganishia, na maelfu ya watu wasiokuwa mafundi waliijenga kwenye vibanda vyao.

Nunua mchoro wa mtu anayejua. Usijichoree cha kwanza. Bei ya mchoro ni ndogo kuliko karatasi mbili za plaiwudi zilizokatwa vibaya.

13. Plaiwudi gani?

Ya baharini yenye muhuri wa BS 1088 (kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya baharini), ukiipata. Karatasi mbili za futi 8 kwa 4, za milimita 6, zinatosha kwa kihori cha mita 2.3. Ya mti wa okume ni nyepesi, kama kilo 9 kwa karatasi.

Shida ni kwamba muhuri unaweza kupigwa na yeyote. Kwa hiyo fanya kama ninavyofanya mimi: omba au nunua kipande cha ukubwa wa kiganja, ukiweke kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, ukikandamize kwa jiwe kisielee, ukichemshe kwa saa nne. Kitoe, kikaushe juani, kisha kichemshe tena. Halafu ingiza ncha ya kisu kati ya tabaka. Plaiwudi nzuri itakatika mbao kabla gundi haijaachia. Mbaya utaijua hata kabla ya kisu: inafunguka kama kurasa za msahafu wa zamani ulionyeshewa, na maji kwenye sufuria yanakuwa ya kahawia na kunuka gundi.

Tazama pia pembeni mwa karatasi. Ukiona matundu kati ya tabaka, maji yatapata njia humo, na kihori kitaoza kutokea ndani huku rangi ya nje ikiwa safi.

14. Poliesta ni rahisi na ipo kila mji. Kwa nini nitumie epoksi?

Kwa sababu poliesta haishiki vizuri kwenye mbao. Ni rezini nzuri kwa boti ambayo ni faibaglasi tupu, na mafundi wetu wengi wa boti za utalii wanaitumia kwa ustadi. Juu ya plaiwudi, baada ya msimu mmoja au miwili, ngozi ya glasi inaanza kuinuka, maji yanaingia chini yake, na hapo huna njia ila kuibandua yote. Kama huwezi kupata epoksi ya kihori kizima, punguza glasi, usipunguze ubora wa gundi.

Epoksi yenyewe haipendi jua. Lazima uipake rangi, na rangi iwe nyeupe au ya maziwa. Kihori cheusi juu ya sitaha ya Tanga mwezi wa Februari hakigusiki.

15. Epoksi yangu ilichemka na kutoa moshi kwenye kopo. Nilikosea wapi?

Ulichanganya nyingi mno na ukaiacha kwenye kopo refu. Epoksi ikianza kuganda hutoa joto, na joto hilo huharakisha kuganda. Katika nyuzi 32 za Mombasa muda wa kufanya kazi unaweza kuwa nusu ya ule ulioandikwa kwa nyuzi 22. Nunua kigumishi cha polepole, changanya kidogo kidogo, na mara tu ukimaliza kukoroga imwage kwenye sinia la plastiki ili itandae ipoe. Kipimo kifuate maelezo ya mtengenezaji kwa usahihi. Kuongeza kigumishi hakuharakishi kitu, kunafanya gundi ibaki laini milele.

Jambo la pili ni saa ya kazi. Ukipaka mbao asubuhi, joto linavyopanda hewa iliyomo ndani ya mbao inapanuka na kutoka kama povu, ikiacha vitundu. Ukipaka alasiri, baada ya saa kumi, mbao zinapoa na hewa inajikunja ikivuta epoksi ndani.

La tatu ni unyevu. Siku ya pili utakuta utando kama nta juu ya epoksi. Usiupige msasa. Uoshe kwanza kwa maji na kitambaa kikwaru, ukauke, ndipo upige msasa. Ukiruka hatua hii, tabaka linalofuata halitashika, na rangi itabanduka kama ganda la yai.

16. Je, naweza kujenga kinachogawanyika vipande viwili?

Ndiyo, na kwa mwenye mashua ndogo anayetaka kihori kirefu ndilo jibu lenye akili zaidi. Unakijenga kizima. Katikati unaweka kuta mbili za plaiwudi zilizotenganishwa kwa upenyo mwembamba. Ukimaliza, unapitisha msumeno katikati ya kuta hizo, na nusu ya omo inalala ndani ya nusu ya tezi. Kihori cha mita 2.9 kinachukua nafasi ya mita 1.6 hivi. Michoro ya Spindrift ya Graham Byrnes ina toleo la namna hii.

Hushikwa pamoja kwa bolti za chuma cha pua, mbili au tatu juu ya mstari wa maji na moja au mbili chini, zenye mipira ya kuzuia maji. Kila nusu lazima ielee yenyewe, na ujizoeze kuziunganisha majini, si nchi kavu tu. Uzito huongezeka kilo 4 au 5, lakini unainua nusu kwa nusu.

17. Makasia ya urefu gani, na vishikizo gani?

Urefu uwe mara mbili ya upana wa kihori, kupungua kidogo. Kwa upana wa mita 1.2, mita 2.1 ni sawa. Yahakikishe yanaingia ndani ya kihori yakilazwa, la sivyo yatakuwa yakikuanguka kila safari.

Vishikizo vya chuma ni vizuri, na hupotea. Kishwara cha kamba kilichofungwa kwenye kigingi cha mti mgumu hakipotei, hakipigi kelele usiku, na hakikwaruzi mashua. Babu zetu hawakukosea hapo. Weka jozi mbili za vigingi, moja ya kupigia ukiwa peke yako na nyingine ya mbele zaidi ukiwa na abiria tezini, maana abiria akikaa nyuma nawe ukabaki pale pale, omo inainuka na kihori kinazunguka kama kipepeo.

## Kukitumia

18. Nahitaji mashine?

Kwa kihori kigumu na safari za chini ya mita 500, hapana. Mkondo ukiwa mkali unapotia nanga, kama mlango wa Shela (Lamu) au mikondo ya Chole (Mafia), mashine ndogo ya farasi 2.5 inatosha kabisa. Ina uzito wa kilo 13 hadi 17, na wote uko tezini, kwa hiyo mwendeshaji asogee mbele na atumie mpini wa kurefusha. Makasia yabaki ndani hata hivyo.

19. Nikifungashe nyuma au nikipandishe?

Ndani ya hori au ghuba, kifungashe. Baharini, kipandishe.

Nimefungasha kihori kutoka Tanga kwenda Pemba mara moja tu. Katikati ya mlango, mawimbi ya kusi yalikuwa yakitoka nyuma, na kihori kilikuwa kikiteleza juu ya kila wimbi na kuja kupiga ubao wa tezi kama mtu anayegonga mlango kwa bega. Nikarefusha kamba mpaka kikakaa nyuma ya wimbi la pili, kikatulia. Nusu saa baadaye kikajaa maji. Chombo cha mita 2.3 kilichojaa kina mamia ya kilo za maji, na hapo unachagua kukata kamba au kupoteza pete ya kufungia pamoja na kipande cha sitaha. Mimi nilikata.

Ukilazimika kufungasha, tumia kamba mbili zilizofungwa mahali tofauti, toa makasia, mashine na upo (chombo cha kufulia maji), na chagua kamba inayoelea isije ikaingia kwenye rafadha (panga la mashine).

20. Maji yanapwa nikiwa sokoni na kihori kinabaki mbali. Nifanyeje?

Jua saa zako. Upande wa Mombasa na Unguja, bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Ukishuka alfajiri siku za mwezi mwandamo au mwezi mpevu na kurudi saa nne asubuhi, utakikuta kihori kwenye mchanga mita 200 kutoka majini. Siku za maji mafu, kati ya bamvua moja na nyingine, tofauti ni ndogo na unaweza kuzembea kidogo.

Kama utakaa muda mrefu, kiache kikielea: nanga ndogo nje, kamba ndefu hadi ufukweni. Magurudumu ya kukunja yaliyopachikwa tezini yanasaidia kwenye mchanga mgumu, na hayana maana yoyote kwenye tope.

21. Kila nikiingia kinayumba. Dawa yake nini?

Kanyaga katikati, mkono ukiwa umeshika mashua, na ukae mara moja. Usisimame kupokea mzigo. Mzito zaidi aingie wa kwanza akae katikati, na mizigo iwe sakafuni. Ajali za vihori ninazozifahamu nyingi hutokea hapo, ubavuni mwa mashua, usiku, mtu akiwa ameshika kitu mikononi.

## Mambo yanayotokea mara chache

22. Kikijaa maji, kitaelea na mimi ndani?

Plaiwudi itaelea yenyewe, lakini haitakubeba. Lita 100 za hewa au povu gumu hubeba kilo 100 hivi. Madumu matano matupu ya lita 20, yenye vifuniko vilivyokazwa, yakifungwa kwa mikanda chini ya mbao za kukalia, yanafanya kazi hiyo kwa bei ya karibu bure. Yagawe omo na tezi, na yafunge kwelikweli, kwa sababu yatavuta kwenda juu kwa nguvu sawa na uzito wa mtu mzima.

Kisha jaribu. Siku tulivu, maji ya kifuani, kijaze mpaka ukingo, ingia, ufue maji kwa upo. Kama maji yanaingia kwa kasi ileile unayoyatoa, ongeza dumu.

23. Kinaweza kuwa chombo cha kuokolea maisha mashua ikizama?

Karibu na pwani, ni bora kuliko kukosa. Lakini hakina paa, hakina ballasti (uzito wa chini wa kukituliza), na katika bahari iliyochafuka kitapinduka. Hakichukui nafasi ya jaketi la kuokolea kwa kila mtu, na jaketi hilo livaliwe hata kwenye safari ya dakika tano ya kihori.

24. Natua ufukwe wenye mawimbi yanayovunjika. Nipite vipi?

Ukiweza, usipite. Subiri maji au tafuta mlango wa mwamba. Ukilazimika, simama nje uhesabu mawimbi mpaka uone utulivu unaofuata makubwa. Geuza omo ielekee baharini, urudi kinyumenyume huku ukilitazama wimbi, na kila linapokuja vuta makasia ulikabili. Omo butu haipendi kazi hii.

25. Nitazuiaje wizi?

Kipake rangi ya ajabu na uandike jina la mashua kubwa pande zote mbili. Usiku kiinue kwa kamba ya tanga kikae ubavuni juu ya maji, ambapo pia hakioti magugu. Ufukweni, mpe ujira mdogo kijana mmoja yuleyule kila mara.

26. Kinahitaji kusajiliwa?

Waulize wenye mamlaka kabla hujaanza kukitumia: Kenya ni KMA (Mamlaka ya Bahari ya Kenya), Tanzania Bara ni TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), na Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini. Ukipachika mashine au ukibeba abiria wa kulipa, usikisie.

27. Kasia limevunjika usiku na mkondo unanitoa nje. Nifanye nini?

Tupa nanga kwanza, ndipo ufikirie. Kwa hiyo kila kihori kiwe na nanga yake ya kilo 2 au 3 na kamba ya mita 30, iliyofungwa upande wa pili kwenye kihori. Mimi niliwahi kuitupa usiku Kilifi nikaona kamba yote inakwenda pamoja nayo.

Kilichoniokoa ni kafi fupi lililokuwa limefungwa chini ya ubao wa kukalia. Tangu hapo kafi halitoki humo, pamoja na tochi ya kuzuia maji, filimbi na upo, vyote kwenye kamba moja. Maji yakigeuka utarudishwa ulikotoka. Kaa ndani ya kihori, usikiache ukaogelea, na ukiona taa ya wavuvi wa usiku piga filimbi na uwamulikie tanga au shati jeupe.